Filamu au Dijitali? Anzia Mahali Picha Itakapoishia

Anayetaka kununua kamera mara nyingi huanza kwa kuuliza ipi ni nzuri, ya filamu au ya dijitali. Swali hilo humfikisha dukani kabla hajajua anachokwenda kununua. Anzia upande wa pili: picha ikishapigwa, inakwenda kuishi wapi? Chukua karatasi uandike mambo matatu. Nani ataitazama? Anaitaka baada ya muda gani? Inatakiwa idumu miaka mingapi?

Bwana harusi anayetaka picha ziingie kwenye kundi la WhatsApp la familia kabla pilau halijapoa amekwisha kukuchagulia: ni dijitali, na hakuna la kujadili. Ndivyo ilivyo pia kwa anayepiga michezo, mikutano, habari au bidhaa za dukani. Lakini mtu anayetaka kumpiga bibi yake picha kumi nzuri kwa mwaka, azichape, azitundike ukutani na kuwaachia wajukuu, huyo filamu inamfaa kabisa. Na kama picha zako zote zinaishia kwenye skrini ya simu, simu uliyonayo inatosha. Fedha ya kamera itumie kwa nauli ya kufika mahali penye picha.

Kabla ya kamera, tafuta wa kusafisha

Kulikuwa na wakati ambapo karibu kila mji mkubwa wa Afrika Mashariki ulikuwa na studio yenye mashine ya kusafisha filamu na kuchapa picha kwa saa moja. Mashine nyingi kati ya hizo zimezimwa. Kwa hiyo, usinunue kamera ya filamu kabla hujampata wa kukusafishia. Piga simu studio tatu au nne za mji wako na za mji wa jirani, uulize haya: Mnasafisha filamu ya rangi kwa dawa za C-41? Mnasafisha nyeusi na nyeupe? Mnasafisha mara ngapi kwa wiki? Negativu, yaani mkanda uliokwisha kusafishwa, mnarudisha? Mkiskani, yaani mkiigeuza picha kuwa faili, faili linakuwa la pikseli (nukta za picha) ngapi?

Swali la tatu ndilo zito. Dawa ya kwanza, ile inayoitoa picha, huharibika kwa kukutana na hewa hata kama haitumiki. Studio inayosafisha kila siku huongeza dawa mpya kila inapoingiza filamu, hivyo nguvu yake haiyumbi. Studio inayongoja filamu mbili tatu kwa wiki huweza kukusafishia kwa dawa iliyochoka, na utarudishiwa negativu nyepesi, rangi zimepotoka kwenye vivuli, picha nzima imekosa uhai. Utajilaumu kwamba hukupima mwanga vizuri, kumbe kosa si lako.

Ipo njia ya kujua kosa ni la nani, na kila anayetumia filamu anapaswa kuifahamu. Shika negativu mbele ya dirisha, usitazame picha kwanza. Tazama ukingo, palipoandikwa jina la filamu na namba za fremu. Maandishi hayo yalipigwa mwanga kiwandani, hayahusiani na kamera yako. Yakiwa meusi na makali huku picha zenyewe ni hafifu, dawa ilikuwa sawa, wewe ndiye uliyeipa filamu mwanga mdogo. Maandishi yakiwa hafifu pamoja na picha, filamu haikusafishwa sawasawa. Maandishi yakiwepo lakini hakuna picha hata moja, filamu haikusogea ndani ya kamera au shata, ule mlango unaopitisha mwanga, haikufunguka. Mkanda ukitoka mweupe kabisa, bila hata namba, dawa ya kwanza ilikuwa imekufa au mtu alitanguliza dawa ya kukazia, ile inayoifanya picha isiathiriwe tena na mwanga. Ukitoka mweusi tii mpaka kingoni, uliingiwa na mwanga.

Kuhusu skani, faili la pikseli 3000 kwa 2000 linatosha chapa ya inchi 10 kwa 6 na nusu. Studio zinazotuma faili dogo zaidi zinakufaa kwa simu tu. Negativu idai kila mara, hata ukiambiwa wateja wengine huwa hawachukui. Faili likipotea, negativu hurudi ikaskaniwa upya. Negativu ikitupwa, kila kitu kimekwisha.

Kama studio haipatikani

Filamu ya rangi inataka dawa ya kwanza ya nyuzi 37.8 kwa dakika 3 na sekunde 15, na joto likiyumba kidogo tu rangi hupotoka. Inawezekana kufanya nyumbani kwa beseni la maji ya moto na kipimajoto kizuri, lakini si pa kuanzia. Nyeusi na nyeupe ni rahisi zaidi, na ndiyo inayomwezesha mtu wa mji usio na studio kutumia filamu bila kumtegemea mtu. Unahitaji tangi la kusafishia lenye kigurudumu ndani, mfuko mweusi wa kupakilia filamu gizani, kipimajoto, chupa za plastiki zenye vifuniko vinavyobana, dawa ya kwanza kama D-76 au ID-11, na dawa ya kukazia.

Chukua filamu ya kawaida kama HP5 Plus ya Ilford, iliyopigwa kwa ISO 400 (ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu au kamera kupokea mwanga). Kwenye tangi la Paterson, mkanda mmoja wa milimita 35 hutaka mililita 290 za dawa. Ukitumia D-76 isiyozimuliwa, muda ni dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20. Pindua tangi mara nne katika sekunde kumi za kwanza za kila dakika, kisha ligonge mezani taratibu ili mapovu yatoke. Povu likiganda kwenye filamu huacha doa la mviringo. Mwaga, suuza au weka dawa ya kusimamisha kazi ya dawa ya kwanza kwa sekunde kumi, kisha dawa ya kukazia kwa dakika 3 hadi 5.

Tatizo la kwetu ni joto. Maji ya bomba ya Dar es Salaam au Mombasa hayashuki mpaka nyuzi 20. Usitie barafu ndani ya dawa, utaizimua bila kipimo. Weka chupa za dawa kwenye beseni la maji yenye vipande vya barafu, ukoroge, upime mpaka zifike. Ikishindikana, fanya kazi kwa nyuzi 24 na upunguze muda hadi kama dakika 5 na robo. Usivuke hapo: muda ukiwa chini ya dakika 5 dawa haikolei sawasawa, na utaona mawingu kwenye anga la picha. Njia bora zaidi kwa joto ni kuizimua D-76 kwa maji nusu kwa nusu, ambapo dakika huwa 11 kwa nyuzi 20 na karibu 8 kasoro robo kwa nyuzi 24. Dawa iliyozimuliwa hutumika mara moja tu na kumwagwa. Na jambo hili lisikupite: dawa zote na maji ya kusuuzia viwe na joto moja. Ukitoa filamu kwenye nyuzi 20 ukaitia kwenye maji ya nyuzi 30, ule utando unaobeba picha huvimba na kukunjamana, na mikunjo hiyo haiondoki tena.

Dawa ya kukazia ina kipimo chake rahisi. Kata kile kipande cha mwanzo wa filamu kinachobaki nje ya kopo, kitumbukize ndani ya dawa, uhesabu sekunde mpaka kiwe angavu. Muda huo mara mbili ndio muda wa kukazia. Dawa ikianza kuchukua muda maradufu ya ilivyochukua ikiwa mpya, imwage.

Kwa wenye mgao wa maji, kusuuza hakuhitaji bomba lililo wazi nusu saa. Kama dawa yako ya kukazia si ya kugandisha utando, jaza tangi maji, lipindue mara 5, mwaga. Jaza tena, mara 10, mwaga. Jaza tena, mara 20, mwaga. Chini ya lita moja imetosha. Tundika filamu bafuni baada ya kumwagia sakafu maji ili vumbi litulie, wala usiwashe feni.

Hesabu ya mwaka mmoja

Kamera ya filamu huonekana ya bei nafuu dukani, ya dijitali huonekana ghali. Gharama halisi hujulikana baada ya miezi. Piga hesabu kwa bei za mji wako. Hizi hapa ni za mfano tu, kwa shilingi za Tanzania. Tuseme filamu moja ya picha 36 ni 35,000, na kusafisha pamoja na skani ni 20,000. Jumla 55,000, yaani takriban 1,530 kwa kila unapobonyeza. Tuseme kamera ya filamu ya mtumba ni 500,000. Upande wa pili, kamera ya dijitali ya mtumba, betri ya akiba, kadi mbili na diski ya nje ni 1,900,000. Tofauti ni 1,400,000, sawa na filamu 25 hivi.

Anayepiga filamu moja kwa mwezi atachukua zaidi ya miaka miwili kabla filamu haijamgharimu kuliko dijitali. Anayepiga mbili kwa wiki atafika hapo ndani ya miezi mitatu. Ndiyo maana mwanafunzi anayejifunza kwa kupiga sana aanze na dijitali: makosa mia kwa siku hayamgharimu kitu, na kila kosa analiona papo hapo pamoja na kasi ya shata na tundu la lenzi alilotumia. Filamu hufundisha subira na kupima mwanga kwa jicho, hilo ni kweli, lakini hufundisha polepole. Filamu ikirudi baada ya wiki mbili, na hukuandika kwenye daftari ulichoweka, hujifunzi kitu. Asiye na kompyuta aiongeze kwenye hesabu ya dijitali, au akubali kuhariri kwa simu.

Kanzu nyeupe na uso mweusi kwenye fremu moja

Tofauti ya kweli kati ya filamu na dijitali, inayoonekana kwenye picha yenyewe, ni namna kila moja inavyoshindwa. Mfano mzuri kuliko wote tunao kwetu: mzee mwenye ngozi nyeusi, amevaa kanzu nyeupe, amesimama juani saa sita mchana.

Kwenye dijitali, mwanga ukizidi, weupe hukatika ghafla. Mshono wa kanzu, mkunjo wa bega, tarizi ya shingoni, vyote hugeuka karatasi tupu, na hakuna programu inayoweza kuvirudisha kwa sababu havikurekodiwa. Vivuli, kinyume chake, huvumilia: uso uliotoka mweusi kidogo unaweza kuinuliwa baadaye ikiwa umepiga kwa RAW, yaani faili ghafi la kamera. Basi pima kwa ajili ya kanzu. Washa onyo la mwanga uliozidi, lile linalofanya sehemu zilizokatika zimetamete kwenye skrini. Soma mita, kile kipimo cha mwanga cha kamera, juu ya kanzu peke yake, kisha ongeza stopu moja na nusu hadi mbili (kuongeza stopu moja ni kuongeza mwanga maradufu, kupunguza ni kuukata nusu), maana mita hudhani kila kitu ni kijivu na itaifanya kanzu kuwa chafu ukiiachia. Piga, tazama. Kanzu ikimetameta, punguza theluthi ya stopu, piga tena mpaka iache. Uso utauinua kwenye kompyuta.

Kwenye filamu ya negativu ni kinyume kabisa. Mwanga ukizidi stopu moja, hata mbili, kanzu bado ina mikunjo yake. Mwanga ukipungua, vivuli hubaki vitupu, na uso mweusi ndio unaopotea kwanza. Basi pima kwa ajili ya uso. Soma mita kwenye shavu, karibu kabisa, na uache kama ilivyo. Mwenye kufuata sheria atakuambia upunguze stopu moja kwa kuwa ngozi ni nyeusi kuliko kijivu; kwa negativu usipunguze, hiyo stopu ya ziada ndiyo inayoujaza uso. Filamu ya slaidi, ambayo mkanda wenyewe ndio picha yenye rangi zake halisi, haina huruma hiyo, nayo hukatika kama dijitali.

Wapiga picha wetu walijua haya muda mrefu kabla ya vitabu kukiri. Kodak, kampuni ya filamu ya Marekani, ilizipatia studio kadi za kusawazishia rangi, maarufu kama kadi za Shirley, zenye picha ya mwanamke mweupe, na kwa miongo mingi rangi ya ngozi ilipimwa kwa huyo. Filamu za sasa zimerekebishwa sana, lakini mazoea ya kuupa uso mweusi mwanga wa kutosha yabaki.

Usiku habari ni nyingine. Ukumbini, kwenye taa za rangi, filamu ya ISO 400 inakufa. Hata ukiwa na lenzi ya f/2.8 (namba ya f hupima tundu la lenzi; ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) na shata ya sekunde 1/60, mara nyingi utahitaji ISO 3200 au 6400, na hapo dijitali haina mpinzani. Mwenye kazi za usiku asijisumbue na filamu isipokuwa anatumia flashi.

Kununua ya mtumba bila kujuta

Kamera ya filamu ifungue mgongo kabla ya kuulizana bei. Gusa ile sponji nyembamba inayozunguka mlango: ikinata kama lami kwenye kidole, imeoza na mwanga unapita, fundi huibadilisha kwa gharama ndogo, lakini idai kwenye bei. Weka shata kwenye sekunde 1, bonyeza, sikiliza. Ikisita au ikichukua sekunde mbili, mafuta yameganda ndani, na kasi zote za chini si za kuaminika. Weka 1/1000, elekeza kamera dirishani, tazama kwa nyuma: uone mwanga kwenye fremu nzima, si nusu. Fungua kichumba cha betri. Kutu ya kijani ni ishara kwamba betri ilivuja, na huenda uvujaji umefika kwenye nyaya.

Halafu lenzi. Fungua tundu lote, washa taa ya simu upande mmoja, tazama upande mwingine kwa pembe. Vumbi dogo si tatizo. Nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, na pwani ndiko inakostawi. Kuvu iliyoanza tu pembeni fundi huisafisha. Iliyokwishakula vioo huacha alama za kudumu, achana nayo.

Pentax K1000, iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, na Nikon FM2 ya 1982 hufanya kazi hata betri ikiisha, kwa sababu shata zake ni za mitambo mitupu. Betri ni ya mita ya mwanga tu. Canon AE-1, nayo ya 1976, haipigi hata picha moja bila betri yake ya volti 6, basi hakikisha betri hiyo inauzwa mjini kwako. Olympus OM-1 ni nyepesi na nzuri, ila mita yake iliundwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35 ambayo haitengenezwi tena. Ukiweka ya kawaida ya volti 1.5, mita inadanganya. Betri za hewa za vifaa vya kusaidia kusikia, za volti 1.4, hukaribia zaidi. Na mita ikifa kabisa, jua la mchana lina kanuni yake: f/16, na shata iliyo karibu na namba ya ISO. Filamu ya 200, basi 1/250. Kwenye mchanga mweupe wa ufukweni, f/22. Kivulini penye uwazi, f/5.6.

Unapopakia filamu ya kwanza, kaza kidogo kile kitufe cha kurudishia mkanda mpaka kigome, kisha sogeza fremu. Kitufe kikizunguka, mkanda umeshika. Kisipozunguka, utapiga picha 36 za hewa. Kosa hili ndilo linaloua harusi za filamu kuliko jingine lolote.

Ya dijitali ina mitihani yake. Uliza shata imebonyezwa mara ngapi, na uthibitishe kwa programu, si kwa mdomo. Shata nyingi za daraja la kati hupimwa kwa mibonyezo 100,000 hadi 150,000, ingawa zipo zinazovuka mbali. Piga anga kwa f/16 uikuze picha: madoa yasiyohama ni vumbi kwenye sensa, kile kipande kinachopokea mwanga, nalo husafishika; mikwaruzo haisafishiki. Funika lenzi, piga sekunde 10 kwa ISO 1600, uhesabu nukta za rangi, ambazo ni pikseli mbovu za sensa. Chungulia tundu la kadi, hasa kamera za kadi za CF (CompactFlash, kadi nene za zamani), maana pini zake hupinda. Tazama betri ni ya kiwanda au ya kuiga. Za kuiga hudai kuwa kamili kisha huzima ghafla.

Megapikseli, yaani mamilioni ya pikseli za picha, zisikusumbue. Chapa ya A4 yenye ukali wa nukta 300 kwa inchi inataka megapikseli 8.7 tu, ya inchi 12 kwa 18 inataka 19.4. Kamera ya 24 inatosha kila kazi ya kawaida. Kwa harusi, tafuta yenye matundu mawili ya kadi ili kila picha iandikwe mara mbili: Nikon D750 na Sony A7 III zina mawili, Canon 6D ina moja. Kadi ikifa saa nne usiku, mwenye tundu moja hana la kumwambia bibi harusi.

Teknolojia ikikimbia, wewe usikimbizwe

Kamera ya kwanza ya dijitali ya kubebeka iliundwa na Steven Sasson ndani ya Kodak mwaka 1975. Ilichukua sekunde 23 kuandika picha moja ya pikseli elfu kumi kwenye kaseti. Mwaka 2012 Kodak hiyohiyo iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Kasi ya namna hiyo humtia mnunuzi wasiwasi kwamba anachonunua leo kitapitwa kesho. Kitapitwa, ndiyo, lakini kupitwa si kuharibika. Linalokuumiza ni kitu unachokitegemea kukosekana sokoni.

Kodachrome ni mfano. Ilikuwa na njia yake peke yake ya kusafishwa. Ilipoachwa kutengenezwa 2009, studio ya mwisho duniani, huko Parsons, Kansas, iliacha kuisafisha mwishoni mwa 2010, na mikanda iliyobaki haikuweza tena kutoa rangi. Kwa hiyo chagua filamu ya C-41 au nyeusi na nyeupe, ambazo dawa zake hutengenezwa na kampuni nyingi. Upande wa dijitali, kisa kilekile kiliwakuta waliokuwa na kadi za xD za Olympus na Fujifilm. Chagua kamera ya kadi za SD na betri inayoingia kwenye kamera nyingi za kampuni hiyo.

Kwa sasa kampuni kubwa zimehamia kamera za mirolesi (mirrorless), zisizo na kioo ndani, na DSLR, zile zenye kioo, zimeshuka bei sana kwenye mitumba. Hii ni neema kwa anayeanza. Lenzi za EF, za DSLR za Canon, hufanya kazi vizuri kwenye mirolesi zake za RF kwa kiunganishi. Za Nikon zinahitaji uangalifu: kwa kiunganishi cha FTZ, lenzi za AF-S hujilenga zenyewe, zile za zamani za AF-D hazijilengi. Weka fedha nyingi kwenye lenzi, kidogo kwenye mwili wa kamera. Mwili utaubadilisha mara tatu kabla lenzi haijachoka.

Unyevu, joto na diski

Pwani, adui wa kwanza ni unyevu. Usihifadhi kamera kwenye mkoba wake wa ngozi, ngozi hunywa maji na kuilisha kuvu. Tumia ndoo au kontena la plastiki linalobana, na ndani yake gramu mia hivi za silika jeli, ile inayobadilika rangi ikishiba. Ikaushe kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa saa mbili uirudishe. Weka kipimaunyevu kidogo, kisome asilimia 40 hadi 50. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda nje, iache kamera ndani ya begi kwa dakika 20 hadi 30, ama sivyo lenzi itatoka jasho hadi ndani.

Filamu mpya ikae kwenye friji, ndani ya kopo lake lililofungwa, na itolewe saa moja kabla ya kufunguliwa. Uwanja wa ndege, ibebe mkononi uombe ikaguliwe kwa mkono: mashine mpya za ukaguzi za CT huweza kuiharibu kwa kupita mara moja tu. Negativu zikate vipande vya fremu sita, ziweke kwenye mifuko yake, ziandike tarehe na mahali. Picha za zamani za Capital Art Studio ya Zanzibar, studio aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930, zimeendelea kuuzwa miongo mingi baada ya kupigwa. Yaliyotunzwa ndiyo yaliyosalia.

Dijitali haitunziki kwa kuachwa. Nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nyumba nyingine au mtandaoni. Usifute kadi kabla picha hazijafika mahali pawili na ukazifungua kuhakikisha. Majina ya folda yaanze na mwaka: 2025-03-14 Harusi Tanga. WhatsApp hubana picha, kwa hiyo mtumie mteja kama hati, si kama picha. Na kila mwaka chapa ishirini zilizo bora.

Ukitaka zote mbili

Wapo wanaofanya kazi kwa dijitali na kupiga ya moyo kwa filamu, na gharama si kubwa ukichagua lenzi kwa akili. Lenzi ya AF 50mm f/1.8D ya Nikon huingia kwenye FM2 na kwenye D750. Kwenye FM2 unageuza pete ya tundu kwa mkono. Kwenye D750 unaifunga kwenye f/22 na kamera inachukua usukani. Lenzi za G hazina pete hiyo, kwenye FM2 zitajifunga kwenye tundu dogo kabisa, usizinunue kwa kusudi hili. Kwa Canon, miili ya filamu ya EOS hupokea lenzi zote za EF. Za EF-S, za kamera zenye sensa ndogo, haziingii.

Ukiwa nazo mbili begani, dijitali ndiyo mita yako. Iweke kwenye M, yaani kila kitu unaweka mwenyewe, na ISO sawa na ya filamu, piga mpaka mwanga ukuridhishe, hamishia tundu na shata kwenye kamera ya filamu, kisha ongeza stopu moja kwa ajili ya negativu. Andika namba ya fremu na namba ulizoweka kwenye daftari kabla hujasogeza mkanda.